Gari Dogo Lenye Nguvu Nyingi, na Namna ya Kulizoea

(Mazungumzo yaliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, Samuye. Yanachapishwa kwa ombi la wajumbe.)



Katibu aliponiandikia alinitaka niseme juu ya kazi yangu ya ufundi mgodini. Nilimjibu kwamba nitakuja na kitu kimoja mkononi, na kwamba kazi yenyewe itaonekana kupitia kitu hicho. Ndicho hiki hapa mezani. Naona wanafunzi wa mstari wa mbele wamekwisha anza kukinyooshea shingo, na wazee wenzangu wa mstari wa nyuma pia, ingawa wao wanajidai wanatafuta miwani.

Hili ni gari la kuongozwa kwa redio, la aina iitwayo bagi. Ni gari la wazi, magurudumu yake yote manne yamekaa nje ya bodi, nalo limetengenezwa kukimbia mahali pasipo na barabara. Ukubwa wake ni moja ya nane ya gari halisi. Lina urefu wa nusu mita na uzito wa kilo 4 pamoja na betri. Nililinunua kwa mfanyakazi mwenzangu aliyekuwa akirudi kwao baada ya mkataba wake kwisha. Wako watakaoliita kitu cha kuchezea. Sikatai, ila nawaomba wangoje kwanza wasikie hesabu zake.

Jambo lenyewe si geni duniani. Mwaka 1898, katika maonyesho ya umeme huko New York, Nikola Tesla alionyesha mashua ndogo iliyoongozwa kwa mawimbi ya redio bila waya wowote, na watu walishangaa sana. Magari ya kuchezea ya namna hii yalichelewa. Kati ya yale yaliyoyatoa kwenye sakafu laini na kuyapeleka mchangani kwa fujo ilikuwamo Sand Scorcher ya kampuni ya Tamiya ya Japani, iliyotoka mwaka 1979, yenye sura ya Volkswagen. Tangu hapo mambo mawili yamebadilika sana. Betri zimekuwa nyepesi na zenye nguvu, na redio zimehama kutoka mawimbi marefu ya mita 11 kwenda mawimbi mafupi ya sentimita 12 na nusu. Zamani watu wawili wenye masafa yaleyale waliweza kuingiliana, gari la huyu likatii amri ya yule. Redio za sasa hurukaruka kutoka masafa hadi masafa, na kila gari hutambua rimoti yake tu.

Lakini sisi tuliokulia huku tulikuwa na magari yetu kabla ya hayo. Nani hapa hakutengeneza gari la waya? Waya tuliuokota, tairi tulizikata kwenye malapa yaliyochakaa, na usukani ulikuwa fimbo ndefu iliyofika kifuani, yenye duara la waya juu. Ulikimbia nyuma ya gari lako kutoka nyumbani hadi dukani, ukapinda kona, ukakwepa mavi ya ng'ombe. Sasa kumbukeni mkono ulivyokuwa unahisi. Gurudumu likigonga jiwe, fimbo ilikuambia. Likiingia mchangani, fimbo ilikuwa nzito. Ulikuwa nje ya gari, lakini gari lilikuwa linazungumza na wewe kupitia waya.

Hili hapa halizungumzi. Nataka mkumbuke hilo kuliko yote nitakayoyasema, kwa sababu ndiko uliko ugumu wake wote. Dereva wa gari halisi huendesha kwa makalio. Wazee mnaikumbuka Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953, na mnamkumbuka Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, aliyeshinda mwaka 1966 na tena 1967 kwa Peugeot 404. Dereva wa namna ile hungoji aone kwamba gari limeanza kuteleza nyuma. Kiti humwambia kabla ya jicho. Mtu aliyesimama pembeni na rimoti mkononi amenyang'anywa kiti. Amebaki na macho na masikio, na inambidi ajifunze upya kuyatumia.

Sasa hesabu, na wanafunzi wa fizikia mchukue kalamu. Betri ya gari hili ina seli 6 zilizofuatana. Kila seli ina volti 3.7, jumla volti 22.2. Mota yake huzunguka mara 2,000 kwa dakika kwa kila volti ikiwa haina mzigo, kwa hiyo mizunguko 44,400 kwa dakika. Gia hupunguza mara 11. Tairi ikizunguka mara moja gari husogea sentimita 36. Fanyeni wenyewe, mtapata karibu kilomita 87 kwa saa. Hiyo ni namba ya karatasini. Upepo, mchanga na uzito wa gari huipunguza, na kwa maoni yangu mwendo unaoandikwa kwenye maboksi ya magari haya ndiyo habari isiyo na faida kuliko zote. Mimi nilisimamisha vijiti viwili kwa umbali wa mita 50 nikapima kwa saa. Mwendo niliouona kuwa naweza kuutawala ulikuwa sekunde 3, yaani kilomita 60 kwa saa.

Na hata huo si mdogo. Kwa kilomita 60 gari hupita karibu mita 17 kila sekunde. Tangu jicho lione jambo hadi kidole kianze kusogea hupita kama robo ya sekunde. Kwa hiyo gari limekwenda mita 4 kabla hujaanza kufanya lolote. Likifika kilomita 80, nguvu ya mwendo iliyomo ndani ya kilo hizi 4 inakaribia ile ya gunia la kilo 50 lililoachiwa kutoka urefu wa mita 2. Punguza mwendo nusu, ukafika kilomita 40, nayo inashuka hadi robo, kama gunia lilelile lililoachiwa kutoka nusu mita. Mguu wa mtoto aliyesimama pembeni utaijua tofauti hiyo. Ndiyo maana siku za kwanza nililiendesha alfajiri, kwenye eneo la wazi, wakati watoto na ng'ombe hawajatoka, na swichi ya rimoti inayokata nguvu hadi nusu ikiwa imefungwa.

Rimoti yake ina umbo la bastola. Kidole cha shahada huvuta kifyatulio kuongeza mwendo, na kukisukuma mbele ni breki. Kigurudumu cha pembeni ndicho usukani. Washa rimoti kwanza, halafu gari. Ukimaliza, zima gari kwanza, halafu rimoti, ili gari lisipate hata dakika moja ya kuwa hai bila bwana. Mota ya umeme haihitaji kupanda moto kama injini ya petroli. Nguvu yake ya kusukuma iko tayari tangu gurudumu lingali limesimama. Ukivuta kifyatulio kwa pupa gari husimama kwa miguu ya nyuma kama mbuzi anayefuata majani ya juu, kisha hulala chali. Kidole kinatakiwa kivute kama mtu anayekamua ng'ombe asiyemzoea.

Usukani nao una kitendawili chake. Gari likienda mbele yako, kulia ni kulia. Likigeuka kuja kwako, kulia kwake ni kushoto kwako. Kila mtu anaelewa hilo akiwa ameketi, na karibu kila mtu hulisahau gari linapomjia mbio. Dawa niliyoitumia ni kuchora namba 8 kwa mwendo wa kutembea, nusu saa kila asubuhi kwa wiki mbili, mpaka kichwa kikaacha kugeuza na mkono ukajigeuza wenyewe. Na ukiwa mbali mita 80, gari la nusu mita huonekana kama panya. Hujui linatazama wapi. Hapo usukani hauna maana. Kwa hiyo nilijiwekea mpaka wa mita 50.

Baada ya hapo inakuja ardhi, na hapa Samuye imenifundisha kuliko kijitabu kilichokuja na gari. Wazee wetu Wasukuma walikuwa na majina ya udongo zamani sana. Juu ya mteremko, chini ya majabali, iko luseni, mchanga. Katikati iko itogolo, ile ardhi ngumu inayokataa jembe. Chini kabisa iko mbuga, udongo mweusi. Miaka ya 1930 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, alieleza kitaalamu jinsi udongo unavyofuatana namna hiyo kutoka juu ya kilima hadi bondeni, na maelezo yake yakasomwa duniani. Wakulima wa hapa walikuwa tayari wanalima kwa kuyafuata.

Kwenye luseni magurudumu ya mbele hulima badala ya kupinda. Ukikata kona kwa nguvu gari huendelea moja kwa moja kama halikusikia. Inabidi upunguze mwendo kabla ya kona, uzito uhamie mbele, tairi zishike, ndipo upinde na kuvuta taratibu. Gari lina difu tatu: ya mbele, ya kati na ya nyuma, na ndani yake mna mafuta ya silikoni. Mafuta ya difu ya kati yakiwa mepesi, nguvu hukimbilia magurudumu ya mbele yanapopungukiwa na uzito, yakazunguka bure. Niliyabadilisha nikatia mazito zaidi, na tofauti ilionekana siku hiyohiyo.

Itogolo ni kinyume chake. Wakati wa kiangazi ni ngumu kama sakafu, lakini juu yake mna vumbi jembamba kama unga, na unga huo ndio unaoteleza. Hapo niligundua kwamba sikio lina kazi kubwa kuliko jicho. Mota ikipandisha sauti ghafla na gari halijaongeza mwendo, tairi zimeachia. Unasikia kabla hujaona. Siku hizi nikiwa kwenye itogolo naweza kusema ni gurudumu la mbele au la nyuma lililoachia, kwa sauti tu. Hicho ndicho kiti changu.

Mbuga msiijaribu wakati wa mvua. Udongo mweusi hushika magurudumu yakawa kama maandazi manne, mota ikachemka kwa kusukuma mzigo isioutarajia. Na kiangazi mbuga hupasuka, na nyufa nyingine zinameza tairi ya sentimita 11 yote. Tembea kwa miguu kwanza. Nyasi za ngitili nazo hujisokota kwenye ekseli hadi zikawa kamba. Kila baada ya mizunguko michache mimi husimama, nikaziondoa kwa kisu, nikaweka kidole kwenye mota. Nikishindwa kukiacha hapo nikihesabu hadi 3, gari linapumzika kivulini. Joto la Shinyanga mnalijua.

Vichuguu vinapendwa na vijana, kwa sababu gari huruka. Basi jueni siri yake. Likiwa hewani, ukiongeza mwendo pua huinuka. Ukishika breki pua huinama. Magurudumu yakiongeza kasi ya kuzunguka upande mmoja, bodi hujibu kwa kuzunguka upande wa pili. Kidole kimoja kinaweza kulilaza gari litue kwa magurudumu yote manne. Hilo ni somo la fizikia la kidato cha juu, na linaonekana kwa nusu sekunde juu ya kichuguu.

Juu ya betri nitasema kwa ukali kidogo. Hizi ni betri za lithiamu. Hii moja ina amp-saa 5 kwa volti 22.2, yaani wati-saa 111. Ingewasha taa ya wati 10 kwa saa 11, lakini gari huimaliza kwa dakika kama 20. Nishati nyingi kiasi hicho katika kitu cha ukubwa wa nusu tofali haipendi utani. Ikitobolewa, au ikichajiwa kupita volti 4.2 kwa kila seli, inaweza kuwaka, na moto wake ni mbaya. Mimi huchaji kwa amp 5, juu ya matofali, nje ya nyumba, na ndoo ya mchanga karibu, wala siondoki. Ikivimba haitumiki tena. Haishushwi chini ya volti 3 kwa seli, na ikiwa haitumiki kwa wiki kadhaa huiacha kwenye volti 3.8. Wala haiachwi ndani ya gari juani.

Sasa mgodini, kama Katibu alivyotaka.

Katika migodi mikubwa ya chini ya ardhi kuna vyumba vinavyochimbwa kwa baruti, na paa la chumba halishikiliwi na kitu. Ni marufuku mtu kuingia humo. Mawe yenye dhahabu lakini yamo humo. Basi mtambo wa kuzoa mawe, wenye uzito wa makumi ya tani, huingia wenyewe, na mwendeshaji husimama mahali salama na kisanduku cha rimoti kifuani. Paa likianguka, huangukia chuma. Katika migodi mingine mwendeshaji huketi mbali kabisa, akitazama picha za kamera. Kazi yangu ni kuitunza mifumo ya namna hiyo, na nimewaona waendeshaji hodari, wenye miaka mingi kitini, wakihangaika mwezi mzima wanapopewa rimoti. Wamenyang'anywa kiti. Wanaofaulu mapema ni wale wanaosikiliza injini, wanaojua mlio wa ndoo iliyojaa na mlio wa gurudumu linaloteleza. Nilipoanza kuchora namba 8 na gari hili ndipo nilipoelewa taabu yao, na tangu hapo nasisitiza kipaza sauti cha mtambo kitengenezwe haraka sawasawa na kamera.

Lakini wengi wa watu wetu hawachimbi kwenye migodi hiyo. Wanachimba maduarani. Mnakumbuka Nyangalata, kule Kahama, Oktoba 2015. Wachimbaji 6 walibaki chini ya udongo, na watu wakakata tamaa. Katikati ya Novemba, baada ya siku 41, 5 walitolewa wakiwa hai. Mwenzao alikuwa amekwisha kufa. Waliishi kwa maji yaliyodondoka na wadudu na vyura waliowapata gizani. Tangu siku hiyo huwa najiuliza nini kingeweza kutangulia mbele ya mtu, kwenda kutazama njia ya chini ambayo hakuna anayeijua hali yake.

Wanafunzi wameniuliza asubuhi kama gari hili lingeweza. Nitajibu kwa niliyoyapima. Niliingiza gari kwenye kalavati refu la barabara, limefungwa kamba nyuma, taa ndogo mbele. Katika sehemu iliyonyooka liliitika vizuri. Nililiweka nyuma ya jabali, likaacha kuitika, likasimama lenyewe, maana nililipanga hivyo: mawimbi yakipotea, breki. Mawimbi ya sentimita 12 na nusu hayapenyi mwamba. Ndiyo sababu migodi mikubwa hutandaza kebo maalumu zinazovujisha mawimbi kwenye njia zote. Duara la mchimbaji mdogo halina kebo. Kwa hiyo gari la kwenda huko litabidi livute waya wake nyuma kama buibui, na amri na picha zipite humo. Na hapo mwendo hauna kazi tena. Nilifunga gia ndogo mahali pa ile kubwa, mwendo ukapungua, na gari lilelile likavuta waya wa mita 100 juu ya kokoto bila mota kupata joto la kutisha. Halitapita mahali palipofunikwa na udongo, hilo tusidanganyane. Lakini kwenye njia iliyo wazi, ambapo leo mtu anateremka kwa kamba kutazama kama nguzo zimeoza, linaweza kutangulia. Bado halina kipimo cha hewa, na hewa mbaya inaua kabla ya jiwe. Kipimo hicho kinapatikana, ni kidogo, kinaweza kubebwa. Nimemwambia mwalimu wa fizikia kwamba gia zile ndogo, waya na taa nitaviacha hapa shuleni, na likizo nitakuja na gari tuendelee.

Ndugu Mwenyekiti, muda wangu umekwisha. Mwalimu wa michezo ametupa kiwanja kuanzia saa 10 jioni. Betri mbili zimechajiwa, zinatosha watu 10 kwa dakika 4 kila mmoja, na wanafunzi watatangulia. Watazamaji wasimame nyuma ya mwendeshaji, si pembeni. Swichi ya nguvu itabaki kwenye nusu, hata kwa wazee.